Ngogogo, Samaki Asiyeulizwa Bei

Mlioko Kindu mjini, mlioko Alunguli ng'ambo ya mto, na ninyi wa huko chini Lokandu, ambao najua saa hizi wengine mmekaa nje mnashona nyavu huku redio imening'inia kwenye msumari: leo sitazungumza juu ya kapiteni.

Kapiteni ana watu wake wa kumsemea. Akitua mchangani bei inaulizwa kabla hajaacha kurukaruka, na kabla jua halijapanda amekwisha fungwa nyuma ya baiskeli. Mbenga naye, meno yake yanamtangaza. Kambale ana sifa ya kuvumilia safari. Leo namsemea yule anayebaki kwenye maji ya chini ya mtumbwi wakubwa wakishauzwa. Ni samaki wa urefu wa kiganja, mara nyingi pungufu, hana magamba, ana masharubu na miiba mitatu, na ukimtoa majini analia. Wavuvi wa upande wa Tanzania humwita ngogogo, au gogogo. Wagenya wana jina lao, Wasongola wana lao, na bila shaka bibi yako ana lake. Mimi nitatumia ngogogo ili tuelewane hewani.

Kwanza tumtazame kwa karibu, maana wengi wetu tumemjua kwa kidole kilichochomwa tu. Kichwa chake kimefunikwa mfupa mtupu, kuanzia juu ya pua hadi linapoanzia pezi la mgongoni. Mgonge kwa ukucha, utasikia. Ana jozi tatu za masharubu. Jozi ya juu ni ndefu na imenyooka. Mbili za chini ya kidevu zina vitawi vidogo vidogo, na kwa hivyo anapapasa tope na mawe gizani akitafuta mabuu ya wadudu, konokono wadogo, mwani na mabaki ya majani. Mwiba mmoja uko mgongoni, miwili iko kwenye mapezi ya kifuani. Akishtuka anaisimamisha yote mitatu kisha anaifunga, kufunga kwelikweli: shina la mwiba limeumbwa likae ndani ya tundu lake kiasi kwamba ukisukuma haulali. Hata akifa unabaki umesimama. Samaki mkubwa aliyemmeza kwa pupa anajuta, na ndege pia.

Na ile sauti haitoki mdomoni. Shina la mwiba wa kifuani lina vigongo vidogo, na anapouzungusha ndani ya tundu lake vigongo hivyo vinakwaruza, krrr, krrr. Ukiwa umemshika unasikia mtetemo kiganjani kabla sikio halijapata kitu. Watoto wa mtoni wanajua hilo bila kufundishwa na mwalimu yeyote.

Sasa mtazame mvuvi anapomkuta wavuni. Kijana asiye na subira anamvuta kinyumenyume, miiba inazidi kujitia kwenye uzi, anakasirika, anachukua kipande cha mti na kuvunja mwiba, mara anavunja na uzi. Mzee hafanyi hivyo. Mzee anamshika kichwa kwa kitambaa kilicholoa, anamsukuma mbele, kule alikokuwa akienda mwenyewe, anaondoa tundu moja la wavu juu ya mwiba wa mgongoni, kisha la kushoto, kisha la kulia. Anamtupa chini ya mtumbwi bila hata kumtazama. Ngogogo wakiwa wengi, kazi hiyo inaweza kula asubuhi nzima, na ndiyo sababu ya matusi mengi yanayosikika mtoni alfajiri. Matusi hayo sitayarudia hapa, mkurugenzi wa redio anasikiliza.

Nasema ngogogo kana kwamba ni mmoja, lakini ukoo wake ni mkubwa. Wataalamu wanauita Synodontis, na wamekwisha hesabu aina zipatazo 130. Wachache hufika nusu mita. Wengine hawazidi kidole cha mtu mzima. Wako Nile, wako Niger, wako Zambezi, wako Rufiji, wako katika maziwa yetu makubwa. Nje ya Afrika hawapo kabisa, ila waliobebwa. Na hakuna mahali walipojaa aina nyingi kama bonde la Kongo, huu mto wetu ambao una zaidi ya aina 1,000 za samaki wanaojulikana na bado unaendelea kutoa wapya.

Niwaombe sasa turudi nyuma kidogo, tuitazame Lokandu yenyewe. Lokandu ina historia iliyoandikwa, na imeandikwa kwa jicho moja. Zamani iliitwa Riba Riba, kituo cha watu wa mfanyabiashara Tippu Tip kwenye njia ya pembe za ndovu. Mnamo 1888 Mwingereza James Jameson, wa ule msafara wa kumwokoa Emin Pasha, alifika hapo, na mambo aliyoyashuhudia na kuyachora yakawa kashfa iliyovuma Ulaya nzima. Mnamo 1892 Mbelgiji Arthur Hodister na wenzake waliuawa katika eneo hilo, na vifo vyao vikawa kuni mojawapo za vita kati ya serikali ya mfalme Leopold wa Ubelgiji na Waarabu. Baadaye ikaja kambi ya jeshi, na mpaka leo ukitaja Lokandu kwa mtu wa Kinshasa, akili yake inakwenda kwa askari.

Pembe, utumwa, bunduki. Sawa, ndivyo ilivyokuwa. Lakini misafara hiyo ya mamia ya watu ilikula nini ilipopita hapa? Pembe hailiwi. Walikula muhogo na ndizi za watu wa msituni, na samaki wa watu wa mtoni. Msafiri Livingstone alipokaa Nyangwe mnamo 1871, juu ya mto kutoka kwetu, alivutiwa mno na soko la pale, wanawake wakifurika na mizigo yao, samaki wakiwamo. Tarehe 15 Julai mwaka huo soko hilohilo likapigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na mamia wakafa, wengi wao wanawake, wengi wakizama mtoni. Mnaona, hata pale soko lilipoingia kwenye vitabu, liliingia kwa damu.

Mtu aliyekuja kuangalia ndani ya kikapu chenyewe alikuja karne moja baadaye, na alitoka Japani. Anaitwa Yuji Ankei. Alikaa na Wasongola wa kandokando ya Lualaba, watu wa msituni na watu wa mtoni, na mnamo 1984 akachapisha maandishi juu ya masoko yao ya kubadilishana. Alichokionyesha ni jambo ambalo mama zetu walilijua bila kuliandika: katika masoko hayo samaki hakuwa chakula tu, alikuwa fedha. Mama wa mtoni anakuja na samaki, mama wa msituni anakuja na muhogo, na samaki ndiye anayepimia. Mnamo 1989 Ankei huyohuyo akatoa maandishi mengine, akilinganisha maarifa ya samaki ya Wasongola wa Lualaba na ya Wabwari wa ziwa Tanganyika: majina, tabia, wanaoliwa na wasioliwa. Mke wake, Takako Ankei, akaandika juu ya mapishi ya Wasongola. Nawataja kwa heshima. Wakati huohuo naona uchungu kidogo kwamba mwanafunzi wa Lokandu anayetaka kujua bibi yake alijua nini kuhusu samaki anaweza kulazimika kuagiza nakala kutoka Kyoto.

Kama samaki alikuwa fedha, basi ngogogo alikuwa sarafu ya chenji: haimtajirishi mtu, lakini bila yeye hesabu haikai sawa. Familia inauza kapiteni ili ilipe shule na sabuni. Inayemla ni ngogogo, aliyechemshwa na mawese, chumvi na pilipili, pamoja na sombe na ugali wa muhogo. Mtoto anafundishwa mapema kumnyonya kichwa bila kuchomwa. Nyama yake si nyingi, ila ni tamu. Anayebisha hajamla siku hiyohiyo aliyovuliwa.

Na sasa nifike kwenye maajabu, maana watu wa mbali wamemwona ngogogo kuwa wa ajabu wakati sisi tunamwona takataka.

Anzeni na ziwa Tanganyika. Si mbali kama mnavyodhani. Maji ya Tanganyika yanatoka pale Kalemie kwa mto Lukuga, ambao Mwingereza Cameron aliuandika mnamo 1874, yanaingia Lualaba, yanapita Kongolo, Kasongo, Kindu, mpaka kwenye ngazi mnazofulia nguo hapo Lokandu. Ndani ya ziwa hilo yumo ngogogo mwenye madoadoa meusi, Synodontis multipunctatus. Katika ziwa hilo pia wapo samaki wengine, jamaa za sato, ambao jike anakusanya mayai yake mdomoni na kuyalea humo mpaka yaanguliwe. Mama mwema kupita kiasi. Ngogogo dume na jike wanamvizia wakati anapotaga. Anapotoa mayai tu, wanapita kwa kasi, wanakula baadhi yake, na wao wanaangusha yao palepale. Mama mwenye nyumba, katika haraka ya kuokoa kilichobaki, anazoa yote mdomoni, yake na ya mgeni. Mayai ya ngogogo yanaanguliwa mapema zaidi. Vitoto vyake vinamaliza kiini chao, kisha vinaanza kula watoto wa mwenye nyumba, mmoja mmoja, ndani ya mdomo wa mama yao, naye anaendelea kuwalinda wageni akidhani ni damu yake. Mjapani mwingine, Tetsu Sato, ndiye aliyeyaeleza haya katika jarida la Nature mnamo 1986. Ulimwengu ulikuwa ukiyajua kwa ndege, kama yule kekeo anayetaga kwenye kiota cha mwenzake. Kwa samaki ilikuwa habari mpya. Wavuvi wa Uvira na Kigoma walikuwa wakimtoa wavuni na kumtupa ndani ya boti siku zote hizo.

Wa pili anaishi chini yetu, ng'ambo ya maporomoko. Mnajua kwamba boti kutoka Kindu inateremka zaidi ya kilomita 300 bila shida, inapita Lokandu, halafu inafika Ubundu na kukwama, kwa sababu maporomoko saba ya Boyoma yanaanza. Reli ya Ubundu hadi Kisangani ilijengwa kwa sababu hiyo, ikamalizika mnamo 1906. Yale yanayozuia boti yanazuia na samaki wengi. Huko chini ya Kisangani, katika Kongo ya kati, yuko ngogogo mdogo asiyezidi sentimita 10, Synodontis nigriventris, aliyeelezwa kitaalamu na Lore David mnamo 1936. Huyu anaogelea tumbo juu. Si mgonjwa, si anakufa, ndivyo anavyoishi. Akiwa mchanga anaogelea kama wenzake, akikua anageuka. Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, ili anayewatazama kutoka juu asiwaone na anayewatazama kutoka chini asiwaone. Huyu tumbo lake ndilo jeusi. Akijigeuza chini ya majani yanayoelea anakwangua mwani na wadudu wa upande wa chini wa jani, na maji yakikosa hewa, kwa mdomo wake ule ulio chini ya kichwa, anafikia tabaka la juu lenye hewa kwa urahisi kuliko aliyesimama wima. Wajapani, naona leo ni siku yao, wamempandisha hata katika ndege zinazorushwa kwa mtindo maalumu ili uzito upotee kwa sekunde kadhaa, wapate kujua anajuaje juu ni wapi.

Wamisri wa kale walikuwa na jamaa yake mtoni Nile, naye mgeuka tumbo. Walitengeneza vipande vya dhahabu na mawe ya thamani kwa umbo la samaki, wakavifunga kwenye nywele za watoto na wasichana kama kinga dhidi ya kuzama. Vingine vipo leo katika majumba ya makumbusho huko Uingereza, vimefinyangwa kwa umakini kiasi kwamba mtaalamu anatambua ni ngogogo. Miaka karibu 4,000 iliyopita mtu aliona inafaa kutumia dhahabu kwa samaki huyu. Sisi tunatumia kitambaa kilicholoa.

Na kuna biashara. Tangu miaka ya 1950 samaki hai wa mapambo walikuwa wakisafirishwa kwa ndege kutoka Leopoldville, Kinshasa ya leo, kwenda Ulaya na Marekani, na ngogogo mgeuka tumbo akawa mmoja wa waliopendwa. Kuna watu huko, wazee kwa vijana, wanaowafuga kwenye matangi ya kioo sebuleni, wanawapa majina, wanawaandikia vitabu. Sitaki kudanganya kwamba hapo kuna utajiri unaotungoja Lokandu. Ndege ni ghali, samaki wanakufa njiani, na aina zinazouzika sana zinazalishwa siku hizi katika mashamba ya nje. Ninachotaka mlione ni kwamba mtu wa Hamburg anaweza kujua ngogogo anakula nini usiku kuliko mwalimu wa biolojia wa Kindu, na kosa si la mwalimu. Hakupewa kitabu.

Wako wengine katika ukoo huu mpana wa samaki wenye masharubu ambao siwezi kuwapita. Nina mnamjua, yule wa umeme. Aliyemchoma kwa mkuki uliolowa hasahau mkono ulivyokufa ganzi, maana mkubwa wake anaweza kutoa volti 300 na zaidi. Jambo wachache wanalolijua ni kwamba baadhi ya akina ngogogo nao wanatoa umeme, ila hafifu mno, wa kupimwa kwa mashine tu. Halafu yuko mdogo mwingine, Chiloglanis kwa jina la wataalamu, wa urefu wa kidole. Midomo yake imepanuka ikawa kikombe cha kunyonyea. Anajibandika juu ya jiwe katikati ya maji yaendayo kasi, pale ambapo wewe mwenyewe huwezi kusimama, na anakaa hapo akila kinachoota juu ya jiwe. Huyu ni samaki wa vijito na mito ya mawe. Lualaba pana na tulivu iliyo mbele ya Lokandu si mahali pake. Mtafute juu, kwenye mito inayoshuka kutoka mashariki.

Na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo mdogo anapokuwa na habari kuliko mkubwa.

Elila inaingia Lualaba kati ya Kindu na Lokandu. Inatoka milimani, upande wa Itombwe, inapita nchi ya dhahabu na kasiteriti. Ulindi inafuata chini zaidi. Katikati ya miaka ya 2010 draga ziliingia Ulindi, huko Shabunda, mashine zinazoelea na kunyonya mchanga wa chini ya mto kutafuta dhahabu, na wachimbaji wadogo wa sululu na karai walikuwapo kabla yao na wapo mpaka leo. Mto ukipinduliwa tumbo namna hiyo, tope linashuka. Kapiteni anaweza kuhama. Ana nguvu, ana mto mzima. Anayeishi kwa kujibandika juu ya jiwe safi hana pa kwenda, kwa sababu jiwe limefunikwa. Anayetaga kwenye mianya ya mawe anakuta mianya imeziba. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu nayo haibaki kwenye karai. Inaingia kwenye tope, kwa wadudu wa tope, kwa ngogogo anayekula wadudu hao, na kwa mtoto anayemnyonya ngogogo kichwa. Daktari hana haja ya kuanza na kapiteni akitaka kujua mto una nini. Aanze na hawa.

Haya ya migodi yanahitaji serikali, na serikali nimeitaja mara nyingi katika vipindi vilivyopita. Wacha niseme yanayotuhusu sisi.

Chandarua cha mbu. Tunakipokea bure, kimetolewa ili mtoto asipate malaria, na kesho yake kimeunganishwa na kingine, kimekuwa wavu wa kuburuta ufukweni. Matundu yake hayapitishi hata mbu. Yai la samaki litapitaje? Kinachokuja nacho ni vitoto vya kila aina, wakiwamo wa huyohuyo kapiteni mnayemlilia kwamba amepungua. Na dawa ya kuua mbu iliyotiwa ndani ya uzi inaua samaki pia. Najua anayeburuta chandarua mara nyingi ni mwanamke mwenye watoto na hana mtumbwi wala nailoni. Simtukani. Lakini nimeona sufuria ya vitoto hivyo ikiuzwa kwa bei ya vipande viwili vya sabuni, na ndani yake kulikuwa na mapezi yenye viiba visivyozidi punje ya mchele, ngogogo ambao hawakuwa wamefikisha hata mwezi.

Utupa, ile sumu ya mimea ya kuvulia samaki, ni jambo jingine. Wazee walitumia utupa, ni kweli, msiniletee hoja hiyo kwenye simu. Walitumia katika kidimbwi kilichokatwa na mto wakati wa kiangazi, kwa siku iliyojulikana, kijiji kizima kikiwapo, halafu kidimbwi kikaachwa. Siku hizi mtu anaamka peke yake usiku na dawa ya shambani ndani ya chupa, anaimwaga kwenye kijito kinachotiririka. Hiyo si desturi ya mtu yeyote.

Desturi ninayoitetea ni ya akina mama: kuziba kijito kwa udongo na majani wakati wa kiangazi, kuyachota maji kwa vikapu huku wakiimba, kukamata kambale na wadogo kwa mikono ndani ya tope. Kazi hiyo inachagua. Mama anaona anachokishika. Kijito kinafunguliwa jioni, na mvua ikishika mto unapanda msituni, samaki wanapanda nao, kinajaa upya. Hao akina mama ndio wenye majina ya samaki wadogo. Mwanamume wa mtumbwi atakutajia kapiteni, mbenga, mboto. Muulize juu ya wale wa kidole, atasema ni samaki tu. Mama yake atakutofautishia mwenye doa mkiani na asiye nalo, anayekaa chini ya gogo na anayekaa kwenye mchanga, anayefaa kwa mgonjwa na asiyefaa kwa mjamzito.

Hilo linanirudisha kwenye vitabu. Mnamo 2010 watafiti wa Ubelgiji na wa Chuo Kikuu cha Kisangani walifanya msafara mkubwa mtoni, Boyekoli Ebale Congo, wakakusanya mimea, wadudu, samaki. Walianzia Kisangani wakateremka mpaka Bumba. Walianza chini ya maporomoko. Sisi tuko juu yake. Mnamo 2012 dunia nzima ilitangaza kima mpya kutoka misitu ya Lomami, lesula, na mnamo 2016 ikatangazwa mbuga ya taifa ya Lomami, sehemu yake ikiwa hapa Maniema. Nimefurahi kwa ajili ya lesula, ana uso mzuri kuliko majirani zangu wengi. Lakini lesula alikuwa akiliwa na kuitwa jina na wenyeji muda wote kabla ya kuwa mpya. Sioni sababu ya kudhani kwamba kwenye vijito vilivyo kati ya Kailo na Lokandu hamna samaki wa namna hiyo hiyo.

Kwa hiyo nina maombi matatu na nitawaacha. La kwanza ni kwa walimu wa Lokandu: kiangazi hiki, wanafunzi wenu wakienda kijitoni na mama zao, wape kazi ya kuandika jina la kila samaki anayeshikwa, kwa Kigenya, kwa Kisongola, kwa Kiswahili, na mahali alipokutwa. Daftari moja linatosha. Likijaa, lipelekeni Chuo Kikuu cha Kindu, na nakala mniletee hapa studio, nitayasoma majina hayo hewani, yote, hata yakichukua kipindi kizima. La pili ni kwa wavuvi: ngogogo mdogo akiwa hai, msukumeni mbele, msimvunje mwiba, mrudisheni majini, bei hana, na wavu wenu utapona. La tatu ni kwa kila nyumba inayonisikiliza: chandarua kinachotoka zahanati kifungwe juu ya kitanda cha mtoto usiku huu.